Gari la Kupandia Kalinzi

S.L.P. 61,
Kigoma.
9 Oktoba 1966

Kwako Martini,

Najua utashangaa kuona jina langu nyuma ya bahasha. Anwani yako nimepewa na mama yako, na haikuwa rahisi. Nilimtuma mke wangu kwake huko Katubuka mara mbili, akarudi mikono mitupu. Mara ya tatu nikaenda mwenyewe. Bibi Marcelina aliniacha nimesimama uani nikinakili anwani kutoka kwenye bahasha yako ya zamani, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Sisi ni wazima. Mvua zimewahi mwaka huu. Nimesikia uko kwenye yadi ya magari yaliyotumika, na kwamba wewe ndiye unayeyajaribu barabarani kabla hayajauzwa. Ndiyo sababu ya kukuandikia.

Teksi yangu imechoka. Nataka gari la heshima. Watu wanaoshuka stesheni siku hizi si wale uliowaacha: wapo wakubwa wa serikali, wapo wafanyabiashara waliovuka ziwa kutoka Kongo na masanduku yao, wapo mabwana harusi wa Ujiji wanaotaka shingo zigeuke wanapopita. Nimesikia wakisifu Benzi, Jaguar na Pijo 404. Niambie lipi lina mbio, lipi lina raha, na lipi mteja akiliona atalitaka. Usinifiche kitu. Hapa hakuna mtu ninayemwamini kuhusu magari.

Wako,
Selestini


Dar es Salaam,
28 Oktoba 1966

Kaka Selestini,

Shikamoo. Barua yako imenifikia. Niliiweka mfukoni siku tatu kabla ya kuifungua. Nilidhani ni habari ya msiba.

Nimefanya ulivyotaka. Magari yote matatu yapo hapa yadini, na bosi ameniruhusu kuyatoa, moja baada ya jingine, kwa Barabara ya Pugu hadi kwenye vilima vya Kisarawe. Mimi huanza na breki. Wenzangu hunicheka kwa hilo, lakini sitoki getini kabla sijakanyaga breki mara kumi gari likiwa limesimama, na mara kumi likitambaa. Yote matatu yanashika vizuri.

Sasa mbio. Jaguar ni mnyama. Ukikanyaga mafuta, kiti kinakusukuma mgongoni, na nguzo za simu zinapita kama mtu anazihesabu kwa haraka. Ndani ni ngozi tupu na mbao iliyong'arishwa kama meza ya askofu. Lakini limelala chini. Linataka lami, na lami ya huko naujua urefu wake.

Benzi ni zito na limetulia. Kwa maili sabini kwa saa unaweza kuzungumza na aliyekaa nyuma bila kupaza sauti. Mlango ukiufunga unaita kama mlango wa kasiki ya benki, na nimewaona watu wakiufunga na kuufungua mara tatu kwa ajili ya sauti hiyo tu.

Pijo ni la mwisho kwa mbio kati ya haya. Wenzake wanaliacha kwenye barabara iliyonyooka. Kwenye njia mbaya ndipo linapoanza kucheka, maana limeinuka na springi zake ni laini. Si bure wanalisifu kwenye yale mashindano ya magari ya Pasaka.

Kuhusu wateja, nakueleza ninachokiona. Mnunuzi wa Jaguar huja na marafiki zake. Wa Benzi huja na dereva. Wa Pijo huja na mkewe, wakaketi ndani nusu saa wakibishana kuhusu rangi.

Kama ni kwa mabwana harusi na wakubwa, chukua Benzi.

Skolastika anaendeleaje? Kila nikimwandikia mama namuuliza, naye hunijibu kwamba mtoto ni mzima, bila neno la pili.

Martini


Kigoma,
20 Novemba 1966

Martini,

Nashukuru kwa maelezo yako, nimeyasoma mara nyingi. Skolastika hajambo.

Nina maswali machache. Kiti cha nyuma cha kila gari kina urefu gani? Je, mtu anaweza kujinyoosha, hata kama miguu itakunjwa kidogo? Mlango wa nyuma unafunguka kiasi gani, yaani mtu anaweza kuingia bila kuinama sana? Na gari likipita juu ya jiwe, anayeumia ni wa mbele au wa nyuma?

Wateja siku hizi wanapenda raha, ndiyo maana nauliza.

Selestini


Dar es Salaam,
18 Desemba 1966

Kaka Selestini,

Shikamoo. Maswali yako yalinikalisha chini. Kwa miaka minne ya kazi hii sijawahi kumsikia mnunuzi akiuliza kiti cha nyuma kina urefu gani. Wote wanauliza cha mbele.

Nilichukua sufuria, nikaijaza maji hadi kwenye msumari unaoshikilia mkono wake, nikaiweka kwenye kiti cha nyuma. Nikapita njia ya machimbo ya mawe kwa maili ishirini kwa saa, na kila nilipofika mwisho nikapima maji yaliyobaki. Jaguar lilimwaga zaidi ya nusu. Benzi lilimwaga robo. Pijo lilimwaga kidogo sana, nikadhani nimekwenda polepole mno, nikarudia, likawa vile vile.

Maji hayana mifupa lakini. Kwa hiyo Jumapili nilimwomba mwenzangu Leodgar aendeshe, nikalala mimi nyuma. Kwenye Jaguar magoti yaligusa kidevu. Kwenye Benzi nililala vizuri, ila kiti ni kigumu kidogo, kila jiwe nililijua kwa jina. Kwenye Pijo, nakwambia ukweli, niliposhtuka tulikuwa tumefika na Leodgar ananicheka. Mlango wa Pijo ni mrefu, unaingia bila kuvunja kiuno.

Kaka Selestini, mteja wa teksi halali. Bwana harusi halali. Ni nani atakayelala kwenye kiti hicho?

Martini


Kigoma,
15 Januari 1967

Kaka Martini,

Shikamoo. Mimi ni Skolastika. Barua zako nimezisoma. Baba huziacha mezani, nadhani kwa makusudi, kwa sababu vitu vingine vyote huvifungia kabatini.

Atakayelala ni mimi. Naomba usifadhaike. Natembea, nafua, nimekwenda chuo cha ualimu na nimemaliza Novemba. Ninachoshindwa ni kukaa kwenye kitu kinachorukaruka. Nikipanda lori maili tano, mgongo unakaza na usiku sigeuki. Nilipokwenda chuoni nililala kwenye treni njia nzima.

Sasa nimepangiwa shule ya msingi kule Kalinzi. Nilifurahi hadi nikalia, maana nilidhani hakuna atakayenitaka. Lakini kila Jumamosi natakiwa kushuka mjini, daktari aunyooshe mgongo na kuufunga mkanda upya, na Jumatatu nipande tena. Kwa lori haiwezekani. Mwalimu mkuu amekubali kunishikia nafasi hadi muhula wa Julai. Baada ya hapo itachukuliwa na mwingine. Baba hataki kulisema hili kwako. Anaona aibu, na nilidhani ni aibu ya kuomba msaada.

Kuna jambo jingine, na nimelifikiria miezi mingi kabla ya kuliandika. Siku ya ajali nilikuwa na miaka kumi na mitatu, lakini nilikuwa nimekaa kando yako, na macho yalikuwa yangu. Watu wote hapa wanasema ulikimbiza gari. Hukukimbiza. Tulikuwa tunashuka Kalinzi na magunia ya kahawa, na ulikuwa unaimba. Ulikanyaga breki, mguu wako ukazama hadi sakafuni, ukatazama chini kana kwamba umepoteza kitu. Ukavuta breki ya mkono, ukaligeuza gari kwenye ukingo ili tusiende bondeni. Nilipowaambia hayo hospitali, walisema nina homa.

Siku ya tatu fundi Assani wa Ujiji alikuja wodini. Alisimama mlangoni, baba akatoka naye nje. Sijui walizungumza nini. Tangu siku hiyo Assani hajakanyaga kwetu, wala baba hapeleki gari kwake.

Muulize wewe. Mimi nimejaribu, nimeshindwa.

Mdogo wako,
Skolastika


Dar es Salaam,
19 Februari 1967

Kaka Selestini,

Shikamoo. Skolastika ameniandikia. Usimkemee.

Kwanza gari. Sahau niliyosema mwanzo. Chukua Pijo. Mbio zake zinatosha kwa mlima, kwa sababu kinachotakiwa kule ni gari linalopanda kwa gia ya pili bila kuchoka na kushuka bila kukutisha. Lipo moja jeupe, lilikuwa la daktari mmoja aliyerudi kwao, limetunzwa. Nimemwomba bosi asiliuze hadi Juni.

Hata kwa wateja halitakuangusha. Tangu Azimio litangazwe huko Arusha mambo hapa yamegeuka. Bwana mkubwa mmoja aliyenunua Benzi kwetu Desemba amelirudisha tulitafutie mnunuzi. Dereva wake ananiambia siku za mwisho alikuwa akiamuru kusimamishiwa kona ya pili kabla ya ofisi, anamalizia kwa miguu. Jaguar lina vumbi mpaka mtu ameandika jina lake kwa kidole. Pijo tu ndilo linaloulizwa. Mtu akipita nalo hakuna anayemnyooshea kidole.

Sasa jambo la pili. Kwa miaka sita na nusu nimeamini kwamba niliziunguza breki mwenyewe, kwa kuzikanyaga tangu juu badala ya kushusha gia mapema. Nilisimama mbele ya hakimu nikakubali. Waliponinyang'anya leseni miaka miwili niliona ni haki. Niliondoka Kigoma bila kumuaga mtu, kwa sababu sikuweza kumtazama mtoto wako. Wakati wa kulala mguu wangu wa kulia bado hukanyaga kitu ambacho hakipo.

Fundi Assani alikwambia nini pale mlangoni?

Martini


Kigoma,
12 Machi 1967

Martini,

Hii ni karatasi ya nne. Tatu nimezichoma.

Wiki moja kabla ya ajali nilipeleka kwa Assani lile gari la mizigo ulilokuwa ukiniendeshea. Alilala chini yake, akatoka na kutu mkononi. Akaniambia paipu ya breki ya nyuma imeliwa, inaweza kushika mwezi au inaweza kupasuka kesho, na kwamba nisilipeleke mlimani hadi paipu mpya ifike kutoka Dar. Aliniambia kwa Kiswahili, akarudia kwa Kiha, ili nisije nikasema sikuelewa.

Ilikuwa msimu wa kahawa. Magunia yalikuwa yakilala nje kule Kalinzi na wenyewe wananisubiri. Nilijiambia ni safari mbili tu. Wewe sikukuambia, kwa sababu nilijua ungekataa kwenda. Na siku ile ile nikakuomba umpitie Skolastika kwa shangazi yake.

Assani alikuja hospitali kuniambia kwamba ameliangalia gari lilipovutwa, na paipu ilipasuka pale pale aliponionyesha. Akaniuliza nitakwenda lini kwa polisi. Nikamwambia amwache mtoto wangu apone kwanza. Alisubiri. Kesi ikasikilizwa, wewe ukakubali kosa ambalo hata sikulazimika kukusingizia, mimi nikakaa kimya kwenye benchi. Watu walipoanza kusema Martini alikimbiza, nilitikisa kichwa kama mtu mwenye huzuni. Ndivyo nilivyosema uongo. Kwa kichwa.

Mwanzoni nilinyamaza kwa woga wa jela. Baadaye nilinyamaza kwa sababu ya Skolastika. Nilifikiri, huyu mtoto ana baba mmoja tu, akijua baba ndiye aliyemvunja, atamwamini nani tena? Jana nimemwambia. Alikuwa akisahihisha madaftari ya watoto wa jirani. Aliweka kalamu chini, akasema, "Nilikuwa najua ni gari, baba. Sikujua ni wewe." Kisha akaichukua kalamu akaendelea kusahihisha, na mimi nikakaa pale mpaka akamaliza.

Sina haki ya kukuomba gari wala kitu chochote. Nakuomba tu usimwadhibu yeye kwa ajili yangu.

Selestini


Dar es Salaam,
7 Mei 1967

Selestini,

Nimekaa na barua yako wiki saba. Wiki ya kwanza nilikwenda kituo cha polisi, nikafika mlangoni nayo mkononi, nikarudi. Wiki ya pili niliandika matusi, nikayasoma, nikaona hata mimi yamenichosha. Leodgar aliniuliza kwa nini siku hizi sijaribu breki kabla ya kutoka getini. Sikuwa nimegundua kwamba nimeacha.

Sitakwenda polisi. Si kwa ajili yako. Wakikuchukua, Skolastika hatapata wa kumpandisha Kalinzi.

Lakini mama yangu ameishi Katubuka miaka sita akiitwa mama yake Mteremko. Ndilo jina madereva wa stesheni walilonipachika, na hata watoto wanalijua. Amebadilisha kisima. Amebadilisha misa, anakwenda ya alfajiri ili asikutane na watu. Hayo hakuniambia yeye, nimeyapata kwa wengine.

Usiende kumwomba radhi nyumbani kwake milango ikiwa imefungwa. Nenda naye stesheni siku ya treni, madereva wote wakiwepo, na fundi Assani awepo. Useme pale ulichoniandikia. Chote, pamoja na kichwa chako kilivyotikisika.

Ukishafanya hivyo, Skolastika aniandikie. Wewe usiandike.

Pijo bado lipo.

Martini


Kigoma,
11 Juni 1967

Kaka Martini,

Shikamoo. Baba amefanya. Ilikuwa jana.

Kwa wiki tatu alikuwa akisema atakwenda treni ijayo. Kila treni ikawa na sababu yake. Mwisho aliyemtoa ni mama yako. Bibi Marcelina alikuja mwenyewe mpaka kwetu, amevaa kanga mpya, akasimama mlangoni akasema amesikia kuna mtu anamtafuta. Nadhani ulikuwa umemwandikia. Baba akachukua kofia yake, wakatoka pamoja. Nikawafuata polepole.

Fundi Assani alikuwa ameshafika, ameketi kwenye ukingo wa ukuta, hakumsalimu mtu. Abiria walipokwisha kuondoka, madereva wakabaki kama saba hivi. Baba alisimama katikati yao akavua kofia. Alianza kwa sauti ndogo, akaeleza habari ya paipu na ya magunia, na ya mahakamani. Alipofika kwenye neno lenyewe alisema, "Martini hakukosa. Niliyemvunja mtoto wangu ni mimi."

Mzee Pastory, yule dereva wa lori, alikuwa akikohoa. Mama yako akamgeukia baba, akamwambia kwa upole kabisa, "Rudia. Pastory alikuwa anakohoa, hakusikia."

Baba akarudia. Safari hii walisikia hadi wachukuzi waliokuwa na mizigo. Assani akasema kwamba yeye naye alinyamaza, na kwamba hajawahi kuulizwa na hakimu, lakini hiyo si sababu. Hakuna aliyecheka wala kutukana. Pastory alimwendea mama yako akamwamkia, akasema, "Mama Martini, utusamehe," kwa jina lako. Bibi akaitika kwa Kiha, "Yego," yaani ndiyo, akajifunga kanga yake akaondoka. Nilipomfuata aliniambia msamaha ni wako kuutoa au kuuzuia, yeye alitaka wasikie tu.

Baba tangu jana hajatoka na teksi. Wapo wateja wawili wa kahawa waliosema hawatampa tena mizigo. Hakujitetea. Jioni alikuwa amekaa nje, nikaenda kukaa karibu naye. Sijui kama nimemsamehe, kaka. Kuna saa namhurumia, na kuna saa mgongo ukikaza siwezi kumtazama. Nimemwambia hivyo hivyo, naye akasema ni sawa.

Mwalimu mkuu ameuliza kama Julai nitafika. Sijamjibu.

Skolastika


Dar es Salaam,
2 Julai 1967

Kaka Selestini,

Shikamoo. Skolastika ameniandikia, na mama ameniandikishia barua ya mistari mitatu. Wa pili unasema amerudi kwenye misa ya saa mbili.

Pijo limepakiwa jana kwenye behewa la wazi, limefungwa minyororo magurudumu yote manne na kufunikwa turubai. Nimebadilisha paipu zote za breki, mbele na nyuma, ingawa zilizokuwepo zilikuwa nzima. Kiti cha nyuma nimekiongezea godoro jembamba la sufi alilolishona mke wa Leodgar. Skolastika alale ubavu wa kushoto, miguu upande wa dereva, na mto chini ya magoti. Nimelijaribu mwenyewe maili arobaini.

Kwenye mteremko ushuke kwa gia uliyopandia. Gari hili halitakuharakisha, nawe usiliharakishe. Mteja akikuambia ongeza mwendo, mshushe.

Nimechukua likizo ya wiki tatu na ninakuja na treni hiyo hiyo, tutafika Jumamosi. Sijakusamehe bado, na sitaki uje kuniuliza. Siku nikiwa tayari nitakwambia, au utaona. Lakini nimechoka kuishi mbali na kwetu kwa kosa la mtu mwingine.

Gari utalishusha wewe na wachukuzi, maana karatasi zina jina lako. Usinisubiri wala usinipakie. Mama atakuja kunipokea, na tumepatana kwamba tutatembea kwa miguu kutoka stesheni hadi Katubuka, mchana kweupe, mimi na sanduku langu kichwani, na tutapita hapo hapo kituoni kwa madereva.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Utaendesha wewe, mimi nitakaa kando yako, na tukifika ule ukingo nitakuomba upunguze mwendo, nimwangalie Skolastika kama analala vizuri. Shule inaanza saa mbili. Mwambie asichelewe kujitayarisha.

Martini